Vioo Alivyoviosha Baba

Jarida la kitabibu nililofanyia kazi lilipojiandaa kusherehekea umri wake mrefu, mimi ndiye niliyependekeza sheria iliyomwacha baba yangu nje.

Mhariri mkuu, daktari mzee mwenye sauti ya upole, alitaka toleo maalumu liwe na ukurasa wa shukrani kwa wote waliolijenga jarida. Orodha ikaanza kuvimba hapohapo mezani: shemeji wa huyu, rafiki wa yule. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi tu na sikuamini chochote kisicho na karatasi. Nikasema, "Asiingie mtu bila uthibitisho wa maandishi." Wakakubali. Nilirudi nyumbani Kisenyi nikijiona mtu.

Baba alikuwa fundi wa maabara. Damu ya wagonjwa wengi wa malaria wanaosomwa kwenye matoleo ya zamani ilipita mikononi mwake. Aliitandaza kwenye kioo, akaitia rangi, akahesabu vijidudu kwa hadubini siku nzima. Madaktari waliandika, yeye hakuandikwa. Sasa haoni zaidi ya mwanga wa dirisha. Alikuwa amesikia habari za ukurasa ule, na sikumbuki kama aliwahi kuniomba kitu kingine.

"Bwana Ushahidi," aliniita. Jina hilo alinipa utotoni, nilipomsumbua nijue kwa nini sisi tunafunga leo na jirani anafunga kesho. "Utaniweka?"

"Nipe karatasi moja tu, Baba. Yoyote yenye jina lako."

"Karatasi! Kwani mimi nilikuwa karani? Jina langu lilikuwa kwenye kioo."

Akanieleza. Damu ikishakauka kwenye kioo, unachukua penseli na kuandika namba ya mgonjwa juu ya damu yenyewe, pale ilipo nzito. Chini ya namba yeye aliongeza jina lake, kwa herufi ndogo. Kila kioo, miaka yote.

Nikapata matumaini. "Viko wapi?"

"Viko wapi! Vioo vilikuwa haba, wewe. Kila Ijumaa kabla ya swala nilikuwa naviloweka kwenye sabuni, nasugua, nakausha. Jumatatu tunaanza navyo upya." Akacheka. Kisha akanyamaza ghafla, nadhani alikuwa amesikia alichokisema.

Hata hivyo nilitafuta. Nilikaa siku tatu kwenye stoo ya maabara. Madaftari mengi yalikuwa yameliwa na mchwa, na yaliyosalia yalikuwa na sahihi za madaktari peke yake.

Mhariri akanionea huruma. "Mimi namkumbuka baba yako vizuri. Tumwandike tu, yaishe."

Nilikuwa nimeshawafuta wengine kwa sheria ileile, akiwemo mama mmoja aliyepiga chapa miswada ya jarida ujana wake wote, ambaye alilia kwenye simu. Nikasema hapana. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa haki au majivuno, na kila nikijiuliza jibu linakuwa baya zaidi.

Siku ya sherehe kulikuwa na keki na hotuba. Mgeni rasmi alisema jarida limejengwa na watu wengi wasiojulikana, watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Nyumbani Baba alikuwa amevaa kanzu safi, ameketi kunisubiri. Alilichukua toleo, akalinusa. "Ukurasa wa ngapi?"

"Jina lako halimo, Baba."

Laiti angenifokea. Alitikisa kichwa polepole. "Sawa. Hata mimi, bila kuona kioo, nisingetoa majibu." Akanirudishia toleo. "Na lako?"

Langu lilikuwamo, ukurasa wa mwisho, kati ya wasaidizi wa mhariri. Hakuna aliyeniomba uthibitisho.

"Soma."

Nikasoma. Jarida letu hufupisha majina. Langu limeandikwa lote, na jina la Baba, ambalo ndilo jina langu la pili, limebaki herufi moja na nukta. Nikamwambia hivyo. Akanyoosha kidole, akataka nimwekee juu ya herufi hiyo. Nikamwekea. Akaipapasa karatasi laini, mbele na nyuma, muda mrefu.

"Ipo kweli?" akauliza.

"Ipo."

Akageuza uso dirishani. Hakuwa na uthibitisho wowote ila neno langu.