Kioo Chenye Masizi Mengi

Wiki jana utambi wa stovu ya jirani yangu ulichakaa, ikaanza kufuka, na harufu ya masizi ya mafuta ya taa ikapenya chini ya mlango wangu. Wengi wakiisikia hukohoa, hufungua dirisha, wakasahau. Mimi niliweka kalamu chini, nikajikuta nikitazama vidole vyangu kama mtu aliyeambiwa kwamba ni vichafu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tukiishi mtaa wa Buruburu. Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa suti moja ya kijivu na maneno machache. Mama, mzaliwa wa upande wa Machakos, alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Mdogo wangu Mwende alikuwa na miaka sita, na kazi yake kubwa duniani ilikuwa kunifuata.

Redio ilianza kutangaza kwamba jua litapatwa. Neno hilo lilinikera. Katika Kiswahili tulichofundishwa mtu hapatwi hivi hivi. Hupatwa na homa, au na msiba.

"Litapatwa na nini?" nikamuuliza Mama.

"Litapatwa tu. Na wewe ukilitazama utapatwa."

"Na nini?"

"Ndunge, wewe hata chumvi utaiuliza kwa nini ina chumvi!"

Nilijiona nimeshinda. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametueleza yote kwa chungwa na kifuniko cha soda: mwezi unapita mbele ya jua, basi. Giza si kitu, alisema. Giza ni mahali ambapo mwanga haujafika. Alituambia pia kwamba watu hulitazama jua kupitia kioo kilichopakwa masizi. Sentensi hiyo niliibeba hadi nyumbani kama yai.

Siku yenyewe, Jumamosi, Mama alituingiza chumbani asubuhi na kutundika blanketi dirishani. Blanketi lilikuwa fupi, likaacha ufa chini, akaujaza taulo. Kisha Mama Njeri wa nyumba ya pili akaja ili waombe pamoja sebuleni. Baba alikuwa ameenda kazini, jua liwepo lisiwepo.

"Mama Ndunge, umefunga ile dirisha ya watoto?" nilimsikia Mama Njeri akiuliza.

"Nimefunga."

"Funga tena. Hii kitu ni ya mwisho wa dunia."

Maombi ya Mama Njeri yalijulikana mtaa mzima. Alianza na Rais, akashuka kwa chifu na wazee wa mtaa, na siku akiwa na nguvu alifika hadi kwa mbwa wa majirani. Nilijua tuna muda.

Nilikuwa nimeficha vipande viwili vya kioo, masalio ya fremu ya picha iliyovunjika. Jikoni nikawasha koroboi, ile taa ya mkebe tuliyoiweka kwa siku za umeme kupotea, nikapitisha kipande cha kwanza juu ya moto polepole, hadi kikawa cheusi kama sufuria ya githeri. Nilipoanza cha pili, mafuta yalikuwa yanakwisha. Moto ukaruka, ukasinzia. Kipande hicho kilitoka na rangi ya chai ya rangi, na katikati kilikuwa na doa jeupe mahali kidole changu kilipogusa.

Kwamba nilivilinganisha sijamwambia mtu yeyote hadi leo. Niliviinua vyote viwili mbele ya moto, kimoja baada ya kingine, nikaona wazi kipi ni bora. Kisha nikampa Mwende kile kingine.

Tulitokea uani kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa saa tano na kitu, na mwanga ulikuwa umeharibika. Sijui niseme vipi. Haikuwa giza la jioni. Ukuta, nguo kwenye kamba, mikono yetu, vyote vilikuwa na rangi ya bati. Baridi ilitupanda miguuni. Kuku wa Mama Njeri walikuwa wakiingia bandani wakinung'unika kama watu waliofukuzwa kazini mapema.

Mwende hakuwa akitazama juu. Alikuwa amechuchumaa kando ya ua wa kayaba, ambako mwanga ulipenya kati ya majani na kuanguka kwenye sementi.

"Ndunge, njoo uone! Makucha!"

Ni kweli, sementi yote ilikuwa imejaa vipande vya mwanga vilivyopinda kama makucha, mamia, vyote vikielekea upande mmoja. Alikuwa akijaribu kuvizoa kwa viganja, na viliruka juu ya mikono yake naye akicheka.

"Wacha ujinga," nikamwambia. "Jua liko juu, haliko chini." Nikamshika kidevu, nikamwinua uso, nikamwekea kioo kwenye jicho la kulia. "Funga hilo lingine. Tazama mpaka nikuambie uache."

Alikuwa mtoto mtiifu. Nami nilikuwa na kioo changu, na upande wa pili wa weusi wake niliona upinde mwembamba mwekundu, mzuri kuliko chochote nilichowahi kuona, nikasahau kwamba nina mdogo. Sijui ni dakika ngapi. Sebuleni Mama Njeri alikuwa amefika kwa mbwa.

Siku mbili baadaye, tukila, Mwende aliniangalia akakunja uso. Akafunga jicho la kushoto, akalifungua, akalifunga tena.

"Ndunge, sura yako haipo," akasema. "Masikio yapo."

Nilicheka. Baba hakucheka. Hospitalini daktari alimmulika, akasema sehemu ya nyuma ya jicho la kulia imeungua na haitapona. Mama akapiga magoti pale pale kwenye korido.

"Mwende, mama, ulichungulia dirishani? Pale chini? Lile taulo lilianguka?"

Mwende alinitazama kwa jicho lake zima. Akaitikia kwa kichwa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walituambia shuleni. Methali hiyo haisemi ni guu la nani.

Miaka ikapita, nikaenda chuo kikuu, nikajifunza kuuliza kila kitu kwa sauti kubwa zaidi. Huko ndiko mhadhiri alikotuonyesha kwamba kila tundu kati ya majani huchora sura ya jua chini. Nilitoka darasani kabla hajamaliza. Mwende alikuwa akilitazama jua lilipopatwa, mara mia kwa wakati mmoja, bila hatari yoyote, na kwa mikono yake. Nami niliyejua sayansi nikamwinua kidevu. Mama aliogopa giza na mimi nikamcheka, lakini hakuna kati yetu aliyejua kwamba siku ile giza halikuwa na ubaya wowote. Uliomuunguza Mwende ni ule uzi wa mwanga uliobaki.

Tangu mwaka ule Mama hufunga kula kila Jumamosi, kwa ajili ya taulo. Nimebishana naye sana. Nimemwambia Mungu hahesabu mataulo, nimemwambia kufunga hakurudishi jicho, nimemletea hoja tano na vitabu viwili. Yeye hunisikiliza, halafu huniuliza kama nimekula.

Hoja ya sita ninayo, na ni fupi kuliko zote: taulo halikuanguka. Leo ni Ijumaa. Nimeiandika hapa kwanza, kwenu, kwa sababu ninyi hamtanitazama usoni nikiisema. Kesho asubuhi nitapanda basi kwenda Buruburu, nimkute Mama hajanywa chai.