Kifuniko Kisichofunguliwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Mizinga, naye aliitika bila kununa. Miaka mingi alifua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapinda, na alipopumzishwa kazi akapanga mizinga minne uani, nyuma ya jiko. Watu walicheka: "Mwenzetu kaacha kufua, sasa anafuga miiba!" Asali ilipoiva, hao hao waliocheka walikuja na chupa.

Wa kwanza kuonja alikuwa daima mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama yao. Mama alipofariki Kitinda alikuwa hajaota meno. Mama Mizinga alimbeba mgongoni, akamlea, akamwoza, na ndoa ilipovunjika akamfungulia mlango yeye na mwanawe. Hakumsimanga hata siku moja. Hilo hata wasiompenda walilikiri.

Sasa, anayefuga nyuki anafuga wasafiri. Maua yakiwa mengi na mzinga ukijaa, nyuki hujenga vijumba vya malkia mpya, vikaning'inia pembeni mwa sega kama karanga. Ukiviona ukanyamaza, malkia mkongwe huchukua nusu ya watu wake na kwenda zake. Kwa hiyo msimu wa maua mwenye mizinga hufungua kila wiki. Huvikata vile vijumba, au huugawa mzinga mwenyewe kabla nyuki hawajajigawa.

Msimu ule Mama Mizinga aliteleza bafuni, akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta.

"Mdogo wangu, nyuki nakuachia wewe."

"Dada, si umenifundisha mwenyewe? Lala upone."

Kila wiki Kitinda alivaa kofia ya wavu, akawasha bomba la moshi wa kutulizia nyuki, akapita mbele ya dirisha la mgonjwa. Moshi uliingia mpaka kitandani. Akirudi alisema, "Nimekata vyote, Dada. Wametulia kama maji ya mtungini."

Haikupita muda, ngurumo ikasikika uani, kundi likapaa juu ya bati na kutokomea. Kisha la pili. Kisha la tatu.

"Nyuki wako wana kiburi," Kitinda alisema, akimkanda mgongo. "Nakata, wanajenga. Usijiumize moyo kwa ajili ya wadudu."

Mama Mizinga aliwalaumu nyuki. Halafu akajilaumu yeye: labda masega yamezeeka, labda amewabana. Mizinga mitatu ikabaki na vinyuki vya kuhesabika, nondo, wale vipepeo wa usiku wanaokula masega, wakaingia kutaga. Ukabaki mmoja tu wenye nguvu.

Siku aliyotolewa plasta hakukaa hata kunywa chai. Alijikongoja mpaka uani, akashika kifuniko cha ule mzinga wa nne. Kikakataa. Nyuki huziba kila ufa kwa gundi yao, na kila unapofungua gundi hukatika, kovu likabaki. Gundi hii ilikizunguka kifuniko chote, ngumu, nzima, haina kovu hata moja. Hakuna kisu kilichopita pale tangu maua ya kwanza. Akaenda kupapasa mitatu mingine. Vile vile.

Akarudi, akakata gundi, akainua. Vijumba vya malkia vilijaa, na vingine vimeshazibwa midomo.

"Kitinda! Njoo hapa."

"Dada, utaanguka tena wewe!"

"Mzinga huu uliufungua lini?"

"Wiki iliyopita, si nilikwambia?"

"Papasa hapa kwenye gundi."

Kitinda hakupapasa. Alitazama ndala zake.

"Na ule moshi ulikuwa wa nini?"

"Wa kukuonyesha wewe."

"Kama unaogopa nyuki ungesema. Ningekula nyama yako?"

"Siogopi." Kisha yakamtoka yote kwa pamoja. "Mwanangu anarudi na mke. Anataka kujenga chumba hapa uani. Na wewe na mizinga yako, ungekubali?"

"Uliniuliza?"

"Nilitaka waondoke wenyewe, Dada. Isiwe mimi niliyewafukuza."

Kabla Mama Mizinga hajajibu, mzinga ulinguruma. Nyuki wakamwagika mlangoni kama uji uliochemka ukafurika, wakazunguka uani, wakajikusanya kwenye tawi la mpera karibu na ukuta. Kitinda akakimbilia kuleta ngazi.

"Nikushikie, Dada?"

"Umeshanishikia vya kutosha."

Kitinda akaiacha ngazi, akasimama mlangoni mwa jiko. Mama Mizinga akamwita fundi baiskeli wa upande wa pili wa ukuta aje na sanduku. Fundi akaja, mikono imejaa grisi.

"Mama, hawa si wataniua?"

"Hao wameshiba asali, hawaumi. Anayeuma yule pale mlangoni."

Fundi alicheka, akadhani ni utani. Alitikisa tawi, kundi likaanguka ndani ya sanduku kama mchanga mzito. "Niwaweke wapi, mama?"

"Kwako. Na mizinga uje uichukue."

"Yote? Mama, mbona hivyo?"

"Mguu huu hauwezi tena peke yake. Nyuki wanataka mtu ambaye akikwambia amefungua, basi amefungua. Mimi mtu huyo sina."

Chumba kilijengwa. Mwana na mkewe ni watu wema, hawajui lolote, na kila asubuhi humwamkia shikamoo. Kitinda bado ndiye anayepika, na Mama Mizinga hula na kushukuru. Hawajarushiana maneno tena. Ila jioni Kitinda akisema, "Dada, nimeshafunga mlango," Mama Mizinga hujibu, "Ahsante, mdogo wangu," kisha huinuka taratibu, huku mguu ukimuuma, akaenda kulishika komeo kwa mkono wake mwenyewe.