Vitambaa Vinavyozuia Baridi Jokofuni

Ndugu wanachama wenzangu wa ushirika wa Ujiji, salaam.

Nabandika maneno haya ubaoni kulalamikia vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa ndani ya jokofu la mafuta ya taa la duka letu.

Naam, ndani!

Baridi hutoka juu kwenye barafu, kisha hushuka. Kila rafu ikizibwa kwa kitambaa, itapita wapi?

Asubuhi hii niliviondoa mbele ya wateja. Mwenyekiti, ambaye mkewe ndiye mfumaji, akapaza sauti:

"Ndugu, mbona unalivua jokofu nguo hadharani?"

Duka zima likacheka.

Ndipo Mama Kashindi, mjane asiye na riziki ila migebuka anayouza, akatoa samaki wake wa jana kwenye rafu ya chini. Akamsogezea Mwenyekiti puani.

"Haya, Baba, zinuse hizo nguo."

Kicheko kikakoma.

Hata hivyo, vitambaa vimerudishwa! Eti kesho tuna wageni kutoka Kigoma mjini.

Ufumaji ule ni mzuri, sikatai. Mezani ungependeza.

Jioni Mama Kashindi analeta ndoo nyingine ya samaki. Naomba kamati iamue kabla hajafika: vitambaa vitolewe, au visitolewe?