Mjuaji Alipomlisha Mbwa

Fundi saa wa mtaani kwetu tulimwita Mjuaji, na wala si kwa heshima. Alijua kila kitu: ugonjwa wa jirani, injini ya lori, dawa ya jino. Saa tu ndizo zilizomshinda.

Shemeji yake alimletea mtoto wa mbwa wa wiki saba, kitumbo kama limau, miguu ikitetereka. Mjuaji akamtazama kama jemadari aliyekabidhiwa jeshi.

"Ukali wa mbwa ni chakula," akatangaza.

Mkewe, mshonaji asiye na maneno mengi, akauliza, "Huko alikotoka alikuwa anakula nini?"

"Mama watoto, hayo niachie mimi."

Dukani, mtoto wa mbwa kwapani, alinyoosha kidole kwenye mfuko wa chakula wenye picha ya jibwa lenye kifua cha bondia. Binti muuzaji akamwambia, "Mzee, hicho ni cha mbwa wazima. Wako ana meno ya maziwa, hatakiweza."

"Wewe umefuga mbwa wangapi?"

"Mmoja."

"Basi nyamaza."

Akaubeba mfuko begani mpaka nyumbani, picha ikitazama nje ili tuione.

Mtoto wa mbwa alilamba zile punje, akazisukuma kwa pua, akalia. "Anadeka," alisema Mjuaji. Kesho yake akampa bakuli zima la maziwa ya ng'ombe na mayai mabichi mawili. Keshokutwa, mfupa mkubwa kuliko kichwa chake. Siku ya nne maskini yule alikuwa anaharisha karakana nzima, kisha akalala nyuma ya mlango, hainui hata shingo.

"Minyoo hiyo," bwana mkubwa akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiiharibu.

Mkewe akazima cherehani, akamfunga mbwa kwenye kipande cha kitambaa, akatoka bila kuaga.

"Nani kampa maziwa ya ng'ombe?" daktari wa mifugo aliuliza.

"Mtu anayejua," mke wa Mjuaji akajibu.

Mbwa alitundikiwa dripu. Mama akarudi na chakula cha watoto wa mbwa na maelekezo: kiloweke kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, mara nne kwa siku, na ukitaka kukibadilisha, changanya taratibu kwa wiki nzima. Aliyafuata yote, bakuli likiwa pembeni ya cherehani. Baada ya siku kumi mbwa alikuwa anatafuna nyuzi za mama na kukimbiza vifungo sakafuni.

Siku moja nilipeleka saa yangu, nikamkuta Mjuaji akimhubiria mteja. "Siri ni kuloweka. Nimeigundua mwenyewe, kwa uzoefu."

Kutoka chumba cha pili mama akapaza sauti, "Mwambie na kuharisha kuligunduliwa na nani!"

Tulicheka mpaka machozi. Mjuaji akabandika lenzi jichoni, akainamia meza, akajifanya anatafuta skrubu. Saa yangu niliichukua vilevile, nikaipeleka kwa fundi mwingine.