Sirapu ya Mahindi Niliyompa Susu

Krrak! Ni kifuniko cha plastiki kikikatika shingoni mwa chupa. Mpaka leo nausikia mlio huo nikifua, nikila, hata nikiwa kanisani watu wameinamisha vichwa. Mkono uliokuwa ukikizungusha ni wangu. Nimechoka kuacha watu wafikirie ulikuwa wa mtu mwingine.

Msiandike jina langu. Nina aibu, ndiyo, lakini hasira imeshinda aibu. Nimejikasirikia!

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, nikapata kazi ya kuuza dukani pale Emali. Sikulia. Mimi ni mtu wa kucheka na kuota ndoto mchana. Nikipanga sabuni kwa rafu nilikuwa naona duka langu mwenyewe, lenye friji ya mlango wa kioo, na Susu amekaa kiti cha mbele akisalimia wateja kama mwenye mji.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Huyu ni mama ya baba yangu, na mimi nimeitwa jina lake.

Mwaka ule alipatikana na ugonjwa wa sukari. Sista wa zahanati akamwambia mbele ya mama yangu: sukari basi. Mama ndiye aliyekuwa akimpikia, na mama akipewa amri hana mchezo. Asali ikahamishwa. Sukari ikafungiwa kabatini, na ufunguo mama akauvaa shingoni.

Susu alionja chai ya kwanza akaitema. "Aiya! Nani ameoshea sufuria humu?"

"Ni chai, mama," mama yangu akamjibu.

"Hii si chai, hii ni adhabu. Nimezaa watoto saba, nilimkosea nani?"

Tulicheka sana. Lakini siku zilivyosonga Susu aliacha kutuchekesha. Alikunywa nusu kikombe, akasukuma kando, akaangalia ukuta. Nilimhurumia mpaka roho ikaniuma.

Basi siku moja lori likatushushia katoni za jusi kutoka ng'ambo, ile nzito ya kuchanganya na maji, chupa kubwa yenye picha ya machungwa. Nikamwuliza bosi wangu, "Mama, hii iko na sukari?"

"Kwani ni mimi niliipika? Si wewe ulienda shule? Soma!"

Nikasoma. Laiti ningekuwa sijui kusoma kabisa! Niligeuza chupa, nikatafuta neno "sugar" kwa kidole, herufi kwa herufi. Halikuwepo. Kulikuwa na maji, na baada ya maji maneno manne: high fructose corn syrup.

"Corn" nililijua, ni mahindi. "Syrup" nililijua zaidi, kwa sababu kwetu sirapu ni dawa. Mtoto akikohoa unaenda zahanati na chupa yako, unapimiwa sirapu, kijiko asubuhi na kijiko jioni. "High" ni juu. Hilo la "fructose" sikulijua, basi nikaliruka.

Dawa ya mahindi! Ndivyo nilivyojitafsiria, nimesimama hapo kaunta natabasamu peke yangu. Na sisi ni watu wa mahindi. Muthokoi ni mahindi, uji ni mahindi, mgeni akija anapikiwa mahindi. Yangemdhuru Susu namna gani?

Neno moja, jamani! Neno moja nisilolijua, na sikuuliza mtu!

Jumamosi nikampelekea nyumbani. Krrak! Nikamchanganyia kikombe. "Susu, hii haina sukari. Ni sirapu ya mahindi."

Akaonja. Akafumba macho. "Mahindi gani haya? Nimelima mahindi tangu nikiwa msichana, hayajawahi kunifanyia hivi."

"Ni ya wazungu."

"Kumbe wana kitu kama hiki na wananyamaza! Sikiza, mama yako usimwambie. Yule hata maji ataninyima." Akaificha nyuma ya pipa la mbaazi.

Kila Jumamosi nilikuja na chupa nyingine. Miezi mitano! Susu akaanza kuwa na kiu isiyokatika, akiamka ni maji, akikaa ni maji. Na mimi, mjukuu mwerevu, nikaona kiu hiyo ni sababu ya kumwongezea kikombe. Nikikumbuka hapo nataka kujizaba kofi.

Siku ya kliniki sista alipima, akarudia kupima. "Sukari imepanda sana. Huyu mama anapewa nini nyumbani?"

Shangazi, dada ya baba, akamgeukia mama yangu palepale kwa benchi, wagonjwa wote wakisikia. "Umesikia? Tulikuachia mama yetu umtunze, kumbe unamtilia sukari kwa uji umalizane naye!"

"Mimi? Na ufunguo wa kabati nalala nao shingoni?"

"Ehe! Unalala nao wewe. Nani mwingine angefungua?"

Nilikuwa nimeshika mkoba wa Susu. Susu akaniangalia, nikamwangalia. Nikajiambia, yale ni mahindi, hayahusiani. Nikanyamaza.

Halafu ukaja mwiba. Mwiba mdogo tu wa mgunga, ulimchoma kisigino akitoka shambani. Mtu mwingine angeung'oa akasahau. Kidonda cha Susu hakikupona. Kikawa cheusi, kikanuka, na hospitali kubwa wakamkata mguu chini ya goti.

Nilikwenda kumwona. Unafikiri nilibeba nini? Chupa! Sista wa wodi akaninyang'anya mlangoni, akasoma, akauliza nani aliniambia nilete.

"Haina sukari, sista. Ni sirapu ya mahindi."

Alinitazama kama anayedhani nafanya mzaha. "Mtoto wangu, sirapu ni sukari iliyofanywa maji. Hata ile ya kikohozi, ulifikiri utamu wake unatoka wapi? Hii wameitoa kwa mahindi, na hiyo fructose ni sukari. Amekunywa tangu lini?"

"Miezi mitano."

Aliandika kwa faili, akafunga kalamu. Afadhali angenipiga!

Nikatoka nje. Langoni nikamkuta mama na sufuria ya uji imefungwa kwa leso, na Shangazi amemzibia njia. "Chakula chako hakiingii hapa tena. Kipeleke kwenu."

Mama akaniona. "Mama," akaniita kama kawaida yake, "ingia nayo wewe. Mwambie Susu mimi nimeonja kwanza."

Nikaichukua ile sufuria. Nikapita katikati yao. Nikaingia nayo, na sikusema kitu!

Hapo ndipo ninapoungama. Kusoma vibaya ulikuwa ujinga wangu, nitausamehe siku moja. Lakini pale langoni nilikuwa nimeshaambiwa. Nilijua kila kitu, na nilitaka tu kubaki mjukuu mzuri anayependwa. Wiki tatu mama alisimama kwa lile lango, jua likimpiga, na wiki tatu nilimpokea sufuria na kumpa mgongo.

Susu aliporudishwa nyumbani, Shangazi akaja na pikapu amchukue akaishi kwake Kwa Vonza. Mama alikuwa akikunja nguo za Susu, machozi yanadondokea kwenye nguo hizo. Nguo moja akaikunja mara tatu. Sikuvumilia. Niliingia nyuma ya pipa la mbaazi, nikatoa chupa tupu, moja moja, nikazipanga vumbini. Zikawa foleni kutoka mlangoni mpaka jikoni.

"Ni mimi," nikasema. "Mama hajaweka sukari hata siku moja. Ni mimi."

Shangazi akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi. Susu akaziangalia zile chupa, akaangalia pale mguu ulipokuwa. "Ulisema ni mahindi," akasema.

Mama hakunipiga wala kunitukana. "Wiki tatu umeniona nimesimama pale kama mwizi," akaniambia. Halafu akaniita kwa jina langu.

Labda hamwelewi hilo. Kwa sababu nimebeba jina la mama mkwe wake, tangu nizaliwe mama hakuwahi kunitaja jina. Aliniita "mama", kwa heshima. Siku hiyo alinitaja. Na bado ananitaja.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaokwenda kuona wagonjwa na jusi mkono mmoja na glukosi mkono wa pili! Ulizeni kwanza mtu anaugua nini! Sukari ina majina mengi, na jina lake la kweli hawaandiki. Mkiona sirapu, glukosi, dekstrosi, fruktosi, hiyo ni sukari. Iko kwa jusi, iko kwa jemu, iko kwa biskuti, hata kwa sosi ya nyanya iko! Sista alinionyesha. Kama huwezi kusoma yote, mpe mgonjwa maji.

Na nyinyi mnaopika hivyo vitu, kwa nini mnaandika kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa? Mnaogopa nini kuandika sukari?

Na wewe uliyesoma kidogo kama mimi, usiruke neno usilolijua! Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Na kama umekosa, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabeba mzigo wako.

Pikapu ya Shangazi iliondoka siku ile bila Susu. Jumapili iliyofuata wote walikwenda kanisani, Susu akawa amelala. Nilichukua jembe na karai, nikaanzia mlangoni pake mpaka chooni. Nikang'oa mawe, nikafukia mashimo, nikashindilia udongo kwa miguu. Kisha nikachukua magongo yake, nikakunja mguu mmoja, nikaenda njia yote na kurudi, nione wapi ataanguka.

Nilianguka pahali pawili. Nikarudi kuchukua jembe.