Gari Lililopumzishwa Mlimani

Haya alinisimulia kwanza mkwe wangu, mke wa mwanangu, akiwa bado wodini.

Uchungu ulimshika kule Mgeta, na hospitali iko ng'ambo ya mlima. Watu wa nyumbani wakamkodia gari dogo la kisasa, hizi za automatiki zisizo na gia za kuhesabu, ndani ni mkanda tu unaozungusha magurudumu. Katikati ya mlima dereva akakanyaga mafuta, gari likalia, haliendi. Akazidi kukanyaga. Taa nyekundu ikawaka, likagoma kabisa.

"Lile langu la zamani ningetia namba moja, tungeshafika," dereva akasema, kashika kichwa.

Wakatokea akina mama wawili na mikungu ya ndizi kichwani, wanapanda kwenda gulioni.

"Shikamooni. Halipandi, mama zangu."

"Marahaba. Sasa unalikemea ya nini? Limechoka. Sisi wenyewe mzigo tunautua hapa, ndo tunamalizia mlima. Nalo liache lipumue."

Wakatua ndizi zao majanini. Wakamshika mkwe wangu huku na huku, wakapanda naye polepole. Uchungu ukija wanasimama, wanamkanda mgongo. Gari likapoa, likawafuata likiwa tupu, dereva anakanyaga kwa ncha ya kidole gumba. Likawakuta kileleni, mkwe wangu akaingia, likashuka naye hadi hospitali.

Ndo wakarudi chini kufuata ndizi zao, na gulio limeshawapita. Majina yao sikuyapata, ila nawaombea kila nikiswali. Mimi gari silijui, lakini nikiona mtu analigombeza mlimani namuuliza kama amelipumzisha.

Haya wajukuu zangu, mtoto mwenyewe ndo huyu kalala mapajani kwangu. Na nyie mkalale.