Kidole Kilichokuwa Njiani

Mwezi mmoja baada ya kununua gitaa nilijua mikao mitatu ya vidole, na wa tatu, ule unaoitwa F, ulikuwa umenishinda. Kila nilipoufikia, wimbo ulisimama kunisubiri, kama mtu anayemngoja mwenzake afunge kamba za viatu. Na tayari nilikuwa nimemwahidi shangazi kwamba nitapiga wimbo mmoja kwenye sherehe ya nyumba yake mpya huko Rangwe, mbele ya ukoo mzima.

Siku ilipofika nilianza vizuri. Nilipokaribia F, vidole vikaanza kutafutana. Hapo shangazi akasimama na kuinua mkono. Kwetu, anayetaka kujisifu huinua mkono katikati ya wimbo, na mpigaji hana budi kunyamaza.

"Simamisha gitaa," akasema. "Mimi ndiye mwenye bati linalomwamsha jirani mvua ikinyesha."

Watu wakacheka. Nami nikapanga vidole vyangu kimoja kimoja, bila haraka. Aliposhusha mkono, F ikatoka safi.

Alisimama mara nne zaidi, kila F ilipokaribia. Alisifu mlango wake, kuku wake, hata miguu yake.

"Leo mama huyu amejipenda," mumewe akanung'unika.

Baadaye, aliponipakulia omena, nilimuuliza kama bado ana sifa zilizobaki.

"Ziliisha baada ya ile ya pili, mwanangu," akasema. "Lakini kidole chako kilikuwa bado njiani."